Mvua kubwa na mbio za magari: kwa nini picha zako zinatoka kijivu

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Napiga picha za mbio za magari, na kukiwa kukavu sina shida. Mvua ikishika, kila kitu kinaharibika. Gari linakuwa kivuli ndani ya wingu, fokasi inashika maji badala ya gari, na picha nzima inatoka kijivu. Natumia lenzi ya 150–600, ambayo kwenye 600 mwisho wake ni f/6.3. Tatizo ni lenzi? Nijichange ninunue ya f/2.8? Na shata niweke ngapi?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Fedha zako ziache zilipo kwanza. Kwa ulivyoeleza, lenzi yako ina kosa dogo tu. Kosa kubwa liko mahali unaposimama. Unapiga kutoka mbali, na kati yako na gari kuna maji mengi kupita kiasi. Lenzi ya f/2.8, yenye mwanya mpana kuliko wako, itakupa mwanga zaidi, lakini haitaondoa hata tone moja hewani.

Tuanze na maji yenyewe, maana ukiyaelewa nusu ya swali lako inajijibu. Wengi hudhani kinachoficha gari ni mvua inayoshuka. Mvua inachangia, ila mfichaji mkuu ni maji yanayonyanyuliwa kutoka barabarani. Pirelli, wanaotengeneza matairi ya Formula 1, wanasema tairi moja la mvua kubwa, lile lenye alama ya buluu, hutawanya lita 85 za maji kwa sekunde gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa. Lile la kati, la mvua ya wastani, lenye alama ya kijani, hutawanya lita 30. Zidisha kwa matairi manne, kisha kwa magari yote yaliyo mbele ya lile unalolitaka. Halafu hewa inayotoka kwa nguvu chini ya gari na kwenye bawa la nyuma huyarusha maji hayo juu, yakapasuka kuwa manyunyu membamba yanayoning'inia hewani hata baada ya gari kupita.

Kwa hiyo wingu hilo lina tabia zake: linakaa nyuma ya gari, linakuwa zito zaidi karibu na lami, na linakwenda unakokwenda upepo. Mpiga picha wa mvua anapanga siku yake kwa tabia hizo kabla hajagusa kitufe chochote cha kamera.

Kukiwa kukavu, pengine unapenda kusimama mwisho wa njia ndefu iliyonyooka na kulenga magari yanayokuja. Kwenye mvua kubwa mahali hapo patakupa gari moja tu, linaloongoza. Ndilo pekee lenye hewa safi mbele yake. Wa pili ni kivuli, wa tatu ni wazo. Hata mwanzo wa mbio ni hivyo hivyo: safu ya mbele itaonekana, kundi lililobaki litakuwa ukuta mweupe. Ukitaka kuwaona wanaofuata, wapige kutoka ubavuni, au ubavuni ukielekea kidogo mbele ya gari. Ukiwa hapo wingu la gari hilo liko nyuma yake, si kati yenu. Na badala ya kukuharibia picha, linakuwa mkia mrefu unaoeleza mwendo.

Kisha upepo. Kabla magari hayajatoka, tazama bendera zilizo uwanjani. Kama upepo unakata njia, simama upande unakotoka, ili manyunyu yasukumwe mbali nawe. Nimeona wapiga picha wawili wakitazamana pande mbili za kona moja, mmoja akipata gari zima na maandishi yake yote, mwingine akipata pazia, na tofauti yao ilikuwa upepo tu. Jambo hili halizungumzwi sana, labda kwa sababu haliuzwi dukani.

Baada ya hapo, sogea. Kila mita ya hewa yenye matone inakula rangi na kupunguza tofauti kati ya giza na mwanga. Milimita 600 zinakuletea gari karibu, lakini zinakuletea pia hewa yote iliyo katikati. Lenzi yako itumie kwenye 200 au 300, mahali ambapo njia inapita karibu na unapoweza kusimama. Utaona tofauti kwenye fremu ya kwanza, na habari njema ni kwamba kwenye urefu huo lenzi yako inafunguka zaidi ya f/6.3. Kona kali za polepole zinafaa sana hapa. Matairi hunyanyua maji machache, gari linaonekana, na dereva anafanya kazi inayoonekana: mikono imepinda usukani, magurudumu ya mbele yanaelekea upande mmoja na gari linaelekea upande mwingine.

Ila usihamie kona za polepole ukakaa huko siku nzima, kwa sababu ukuta wa maji ndio habari ya siku. Ukitaka kuupiga, tafuta mahali pa juu, kama jukwaa la mashabiki au kilima kinachotazama njia. Kutoka juu unaona mikia ya maji ikijipanga nyuma ya magari, na unaona gari lililomezwa ndani ya mkia wa mwenzake. Ukiwa usawa wa lami, picha hiyo hiyo ni kijivu kitupu.

Sasa mwanga, ambao kwangu ndio unaotenganisha picha ya kumbukumbu na picha ya kutundikwa ukutani. Manyunyu yakimulikwa kutoka upande wako yanakuwa ukuta. Yakimulikwa kutoka nyuma yanawaka. Hata siku ya mawingu mazito kuna upande wa anga ulio angavu zaidi. Utafute, halafu simama ili gari lipite kati yako na upande huo, hasa nyuma yake pakiwa na kitu cheusi kama miti au kivuli cha jengo. Matone meupe juu ya mandhari meusi yanahesabika, lakini juu ya anga jeupe yanapotea. Na mvua ikikatika jua likachomoza chini chini huku lami bado imelowa, acha kila kitu ukimbilie mahali unapoelekea jua. Dakika hizo huwa chache.

Mbio za magari yenye taa, kama zile za saa 24 za Le Mans, zinakupa mwanga huo bure. Taa za gari linalofuata humulika manyunyu ya gari lililotangulia, na gari la mbele linachorwa kwa ukingo wa mwanga. Magari ya Formula 1 hayana taa za mbele. Yana taa nyekundu ya nyuma, na kanuni zinataka iwake wakati wote gari linapotumia matairi ya mvua. Picha ya nyuma, ambayo kukiwa kukavu haina maana sana, hapa inakuwa nzito: wingu, na ndani yake nukta nyekundu. Angalia lakini, taa hiyo humeta. Ukipiga fremu moja moja utajikuta na wingu lisilo na nukta. Piga mfululizo, kisha uchague zile ambazo taa imewaka.

Kuna mchezo mmoja unaopenda kujirudia mvua ikipungua. Njia wanayopita magari huanza kukauka na kuonekana kama utepe wa rangi nyingine, huku pembeni pakibaki maji. Madereva walio kwenye matairi ya kati hawapendi lami kavu, maana inayachemsha na kuyala. Basi wakifika kwenye njia iliyonyooka hutoka kwenye utepe makusudi na kukanyaga sehemu zenye maji ili kuyapoza. Ukishaligundua dimbwi wanalolipenda, umepata stesheni. Gari litarusha maji upande mmoja, upande mwingine ukiwa safi, mzunguko baada ya mzunguko, mahali pale pale. Fokasi unaipanga kabla, unasubiri.

Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, kama ulivyouliza. Hakuna namba moja, kuna hesabu. Tone kubwa la mvua hushuka kwa karibu mita 9 kwa sekunde. Kwenye 1/1000 linasogea milimita 9 tu, kwa hiyo linaonekana kama doa dogo, na mvua kubwa inaweza kufanana na kamera chafu. Kwenye 1/125 linasogea kama sentimita 7, likawa mstari, na hapo mtazamaji anaamini kwamba mvua inanyesha. Upande wa gari, mwendo wa kilomita 180 kwa saa ni mita 50 kwa sekunde: kwenye 1/500 limesogea sentimita 10, kwenye 1/125 sentimita 40. Kwa hiyo ukipiga ubavuni ukiwa umesimamisha kamera, hata 1/1000 haikutoshi. Ukilifuata gari kwa kuzungusha kiuno, 1/125 inatosha kabisa, na inakupa mistari ya mvua, magurudumu yanayozunguka na mkia wa maji uliolainika kama hariri. Mkono wako ukizoea, shuka hadi 1/60. Nyingi ya picha za mvua ninazozipenda zimepigwa kati ya 1/80 na 1/250. Za 1/1000 na kuendelea ninazitunza kwa dimbwi linalopasuka, pale ninapotaka kila tone lisimame peke yake. Utaona pia kwamba shata ya polepole inakutatulia suala la mwanga. Kwenye 1/125 lenzi yako ya f/6.3 haikudai ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya ajabu.

Fokasi kushika maji ni jambo la kawaida, hata kamera mpya zenye akili ya kutambua magari hulifanya. Kamera inatafuta tofauti ya giza na mwanga, na ukingo wa wingu linalong'aa una tofauti kubwa kuliko gari lililofifia. Punguza eneo la fokasi hadi pointi moja au kikundi kidogo, uiweke kwenye kofia ya dereva au kwenye pua ya gari, penye rangi kali. Kisha ingia kwenye menyu ya ufuatiliaji na upunguze wepesi wa kuhama, ili kitu kikikatiza kwa nusu sekunde kamera isikimbie nacho. Anza kulifuata gari mapema, kabla halijaingia kwenye maji mazito. Kamera iliyokwisha kulishika gari hulishikilia vizuri kuliko inayoanza kulitafuta ndani ya wingu. Ikishindikana kabisa, rudi kwenye njia ya wazee: zima fokasi ya kamera, panga kwa mkono kwenye ukingo wa kona wanaougusa wote, funga mwanya hadi f/8 ikiwa mwanga unaruhusu, na ubonyeze gari likifika hapo.

Kijivu unacholalamikia kina chanzo kingine pia. Kamera ikiona wingu jeupe limejaza fremu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na weupe unageuka majivu. Ongeza theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni mwanga maradufu) juu ya kile kamera inachopendekeza. Taa za gari zikikuelekea, inadanganyika hivyo hivyo. Mimi huweka mwangaza kwa mkono, nikaangalia histogramu, ule mchoro wa giza na mwanga wa picha, kila mawingu yanapobadilika, kwa sababu kwenye mvua magari yanakuja na kwenda na wingu lao, na kamera iliyoachwa ijiamulie itatoa fremu mfululizo zisizolingana. Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Mwanga wa mvua una ubuluu mwingi na utataka uhuru wa kuurekebisha.

Flashi iache kwenye begi. Itamulika matone yaliyo mbele ya pua yako na kukupa mipira meupe, na njiani si jambo la kumfanyia dereva asiyeona vizuri. Filta ya kupunguza mng'ao nayo iondoe: inakula mwanga usio nao, na inaua mwakisiko wa taa na rangi kwenye lami, ambao ndio uzuri wa lami iliyolowa.

Kuhusu kuilinda kamera sina mengi. Mfuko wa plastiki uliotobolewa tundu la lenzi na kufungwa kwa raba unafanya kazi karibu sawa na makoti ya mvua ya bei kubwa. Kilicho muhimu zaidi ni hudi ndefu, yaani kikinga kinachofungwa mbele ya lenzi, na tabia ya kuielekeza chini kila gari likishapita. Beba vitambaa vingi vikavu ndani ya mfuko uliofungwa, kimoja cha kufuta mwili wa kamera na vingine vya kioo tu, na usivichanganye. Kioo kiguse kwa kubonyeza, usisugue. Tone dogo kwenye lenzi ndefu halionekani kama doa, linashusha ukali wa picha nzima kimya kimya, kwa hiyo usisubiri ulione kwenye skrini. Kwenye lenzi pana litaonekana. Usibadilishe lenzi nje. Na lenzi kama yako, inayorefuka unapovuta, huvuta hewa yenye unyevu ndani kila inaporefuka. Chagua urefu mmoja ukae nao kadiri unavyoweza, na ifute shingo yake kabla ya kuirudisha.

Kama unapiga ukiwa nyuma ya wavu wa mashabiki, sogeza hudi karibu na waya, fungua mwanya wote, na chagua tundu ambalo gari litapita katikati yake. Waya uliolowa hung'aa, kwa hiyo epuka ule unaomulikwa na anga.

Usalama sitaupitia haraka. Gari likipanda juu ya maji, yaani matairi yakielea badala ya kugusa lami, usukani na breki havina kazi. Haligeuki. Linanyooka. Kwa hiyo nje ya kona, mwisho wa njia iliyonyooka, na mahali popote maji yanapotiririka kukatiza lami ni mahali pa kuogopa, hata kama ulipewa kibali cha kusimama hapo. Usiipe njia mgongo. Macho yatoke kwenye kamera kila baada ya gari kupita, sikio likisikia injini iliyobadilika ghafla miguu ianze kwanza. Wasimamizi wakikwambia rudi, rudi bila mjadala. Mwaka 1976 kule Fuji, Japani, Niki Lauda, aliyekuwa bingwa wa Formula 1, aliegesha gari lake baada ya mizunguko miwili kwa sababu ya mvua, akijua anaweza kuupoteza ubingwa, na aliupoteza kwa James Hunt. Bingwa wa dunia akiweza kusema leo hapana, mwenye kamera anaweza pia.

Mvua kubwa pia ina maana ya kusubiri, na hapa wapiga picha wengi hupoteza siku. Spa mwaka 2021, mbio za langalanga za Ubelgiji ziliishia kwenye mizunguko michache nyuma ya gari la usalama, madereva wakapewa nusu ya pointi. Aliyengoja Jumapili alirudi na picha za foleni. Picha zilikuwa Jumamosi, kwenye mchujo wa kupanga nafasi, pale George Russell alipolipandisha gari la timu ya Williams hadi nafasi ya pili kwenye lami iliyolowa. Suzuka, Japani, mwaka 2010 ilikuwa kinyume: Jumamosi ilizama, mchujo ukasogezwa hadi Jumapili asubuhi. Na Kanada mwaka 2011 mbio zilisimamishwa kwa zaidi ya saa mbili, zikachukua zaidi ya saa nne kwa jumla, kisha zikaamuliwa mzunguko wa mwisho, Sebastian Vettel alipoteleza akatoka kwenye utepe mkavu na Jenson Button akapita. Aliyekuwa ameshafunga begi aliikosa. Piga kila kipindi chenye maji, kuanzia mazoezi, na usiondoke mpaka bendera ya mwisho.

Wakati wa kusubiri geukia watu. Makanika wanaosukuma maji kwa mafagio, matone yaliyojipanga kwenye kioo cha kofia, shabiki aliyejifunika mfuko wa taka na bado anashangilia, dereva anayetazama anga kutoka mlango wa gereji. Hapo 150 yako ni lenzi nzuri kabisa, na hakuna wingu kati yenu.

Nyumbani, kile kitelezi cha kuondoa ukungu kwenye programu za kuhariri kiguse kwa kidole kimoja. Kidogo kinarudisha gari. Kikizidi kinaleta chembechembe, kinachafua rangi, na kinamwambia mtazamaji kwamba haikuwa mvua kubwa kiasi hicho. Mimi huzamisha weusi kidogo tu, hasa matairi na kivuli chini ya gari, nikaliacha wingu libaki wingu.

Baada ya mfululizo wa mbio za mvua, ukiona umesimama pazuri, upande wa upepo, karibu, mwanga ukiwa nyuma, na bado unakwama kwa giza, hapo ndipo f/2.8 itakuwa na kazi ya kufanya. Hata hivyo ningeanza na ya 70–200 kabla ya zile ndefu. Ni nyepesi, nyingi hazirefuki zinapovutwa, na umbali wake ndio umbali wa mvua.

Na ukitoka uwanjani, usiitoe kamera kwenye begi mara tu unapoingia chumba chenye joto. Unyevu wa hewa ya ndani utageuka ukungu juu ya vioo, na hata ndani yake. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba, ndipo uifute, utoe betri na kadi, ufungue vifuniko vyote, uiache ikauke usiku kucha pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, itasukuma maji ndani zaidi. Ukiona ukungu ndani ya lenzi na kesho yake haujatoka, mpelekee fundi mapema, kabla kuvu haijaota kwenye kioo.